Alhamisi za Mtoni

Niliolewa nikiwa na miaka kama kumi na saba, katika miaka ya mwisho ya Mwingereza. Kwa mume wangu ni mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kiomboi, mahali penye mawe makubwa yaliyobebana, na katikati ya mawe hayo unapita mto. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli huko Itigi. Alikaa nami msimu mmoja wa kulima, akanikabidhi kwa mama yake, akarudi kazini. Kwa hiyo miaka ile ya mwanzo niliishi zaidi na mama mkwe kuliko nilivyoishi na mume.

Mama mkwe alikuwa mjane, mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache. Asubuhi nilipiga goti nikamwamkia, "Shikamoo, Mama," naye akaitikia, "Marahaba," basi. Yaliyobaki yalikuwa ya kazi: kama uwele umekauka, kama kuni zipo, kama mbuzi wamefunguliwa. Hakunitukana hata siku moja. Lakini nilimwogopa, kwa sababu sikujua ndani ya kimya kile kuna nini.

Mto wetu ulikuwa wa msimu. Mvua zikinyesha ulijaa ukanguruma hadi nyumbani tukausikia. Kufika mwezi wa sita ulibaki mchanga mtupu, isipokuwa mahali pamoja chini ya mwamba, ambapo palikuwa na chemchemi iliyotoa maji kidogo kidogo mwaka mzima, ikafanya dimbwi. Dimbwi hilo lilikuwa la wote. Tulichota hapo maji ya kunywa, tukafua hapo, watu wakaloweka ngozi hapo, na ng'ombe waliingia hadi tumboni wakasimama humo wakijipoza jua. Kingo zote zililimwa mpaka kwenye maji, kwa hiyo kila mvua ilishusha udongo mpya. Ikifika mwezi wa tisa, maji yalikuwa ya kijani na mazito. Tulisukuma povu pembeni kwa kitako cha kibuyu, tukachota. Sikumbuki mtu yeyote akisema ni machafu. Tulisema maji yamekuwa kidogo.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa msichana. Alizaliwa wakati wa kupanda mtama, na kiangazi kilipokolea alikuwa tayari anakaa mwenyewe na kupiga makofi. Katika mwezi huo wa tisa akaanza kuharisha. Siku ya tatu nikambeba mgongoni, mama mkwe akanifuata nyuma, tukaenda zahanati ya misheni. Dresa, yaani mhudumu wa dawa pale, alikuwa kijana mpole. Alijaribu alivyoweza. Alipomaliza alimfunika mtoto uso, kisha akatuuliza, "Maji mnachota wapi?" Mama mkwe akamweleza. Akasema, "Mama zangu, maji hayo ndiyo yanayowamaliza watoto. Yachemsheni. Na kama mnaweza, yasafisheni tangu kule yanakotoka."

Nilirudi naye mgongoni vilevile nilivyokwenda naye, ila sikuwa na haraka tena.

Baada ya mazishi mama mkwe hakuniambia neno lolote. Wanawake wengine walikuja kukaa nami, wakalia nami, wakanisimulia watoto wao wenyewe waliotangulia. Yeye alipika, akanisogezea chakula, akaondoka. Nikaamini kwamba ananihesabia kosa. Nilijiambia: anasema moyoni mwake kwamba nimemuulia mjukuu. Nilikuwa nikimwona anapita uani, nainamisha kichwa.

Kisha akaanza kutoka alfajiri. Alichukua jembe na kikapu kikuukuu cha kubebea samadi, akarudi jua likiwa limeshapanda, miguu ina tope hadi magotini. Ananawa, anaendelea na kazi zake. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba mama wa watu amechanganyikiwa na msiba. Mwingine akasema huenda anatafuta dawa mtoni. Mimi sikuthubutu kuuliza. Lakini asubuhi moja nilimfuata.

Nilimkuta amesimama ndani ya dimbwi, peke yake, kanga ameikunja na kuifunga kiunoni. Alikuwa anazoa mavi ya ng'ombe na matope yaliyooza, anajaza kikapu, anapanda nacho ukingoni, anamwaga mbali, anashuka tena. Pembeni, karibu kabisa na mwamba, alikuwa amechimba kajito kembamba, na maji ya chemchemi yalikuwa yakipita humo bila kugusa dimbwi. Maji hayo yalikuwa meupe. Nilikuwa nimekaa pale zaidi ya mwaka na sikuwahi kujua kwamba yanatoka meupe.

Akaniona. Hakushtuka.

"Mama, unafanya nini?" nikamuuliza.

Aliegemea jembe.

"Wewe ulikuwa shambani," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nampa maji. Kila mchana alilia kiu, nami nikampa. Kwa mkono wangu huu."

Akaunyoosha ule mkono wenye tope, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Ndipo nikajua kilichokuwa ndani ya kimya chake. Siku zote zile mimi nilikuwa nimejificha nisihukumiwe naye, naye amejificha nisimhukumu. Nikashuka majini na nguo zangu zote. Nami nilikuwa mkwe, si vyema kumgusa mama mkwe ovyo. Nikachukua kikapu kutoka mkononi mwake, nikakijaza, nikapanda nacho ukingoni. Niliporudi alinifuta tope shavuni kwa ncha ya kanga yake, huku machozi yanamtiririka, akisema, "Mwanangu. Mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Tangu siku hiyo tulikwenda wawili.

Lazima nieleze kwamba nyakati zile kazi ya pamoja ilikuwa ya namna mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya kualikana shambani: unapika pombe, watu wanakuja kulima, jioni wanakunywa. Ya pili ilikuwa ya boma, yaani ya serikali: jumbe, mkuu wa kijiji, anatoa amri, kila nyumba inatoa mtu, wanakwenda kutengeneza barabara au kufyeka pori la mbung'o, wale nzi wa malale, na asiyekwenda anashikwa. Mwaka ule wanaume wetu wengi walikuwa huko porini wakifyeka. Kwa hiyo watu walipotuona mtoni waliuliza maswali mawili. Nani ameamuru? Na pombe iko wapi?

"Hakuna aliyeamuru," mama mkwe alijibu. "Na pombe sikupika."

Wa kwanza kutuunga mkono alikuwa mke wa fundi cherehani, Mwislamu, mnene, mcheshi, mama wa watoto wengi. Alikuja kuchota, akaona maji meupe yanapita kando ya mwamba, akachovya kidole, akalamba. Akacheka. Akaweka mtungi chini, akaingia topeni. Kesho yake akaja na dada yake. Kisha wakaja wanawake wawili wa misheni ambao walikuwa wamemsikia dresa akisema maneno yaleyale. Baada ya wiki chache tulikuwa kumi na zaidi, tukaona afadhali tuwe na siku yetu. Ijumaa wengine wana swala, Jumamosi kuna mnada, Jumapili wengine wana ibada. Ikawa Alhamisi.

Tulichimba dimbwi likafika kwenye mchanga safi. Tulipanga mawe kuzunguka chemchemi. Tukahamisha mahali pa kufulia, pakawa chini, mbali. Wenye mashamba ya ukingoni tuliwaomba waache hatua kumi bila kulima, na hapo tukapanda matete tuliyoyang'oa bondeni. Wengine walikubali, wengine walikubali mchana na kulima asubuhi yake. Mama mkwe hakugombana nao. Alirudi tu, akapanda tena palepale.

Shida kubwa ilikuwa ng'ombe. Wengi wao walikuwa wa mzee mmoja aliyekuwa rika la marehemu baba mkwe. Alikuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote upande ule. Mama mkwe alimngoja siku moja mtoni.

"Shemeji, ng'ombe wako wanasimama ndani ya maji tunayokunywa."

"Wanakunywa, shemeji. Na walikunywa hapa kabla hujaolewa huku."

"Ni kweli. Nami nakuomba, sikukatazi. Pale chini kwenye mchanga ukichimba utapata maji yao."

"Nitachimba na nani? Wanangu wamechukuliwa kufyeka pori. Unataka nife mimi au wafe ng'ombe?"

Akapita na ng'ombe wake, wakaingia, wakavuruga kazi ya wiki nzima. Mke wa fundi cherehani alimpa mzee maneno mazito. Mama mkwe akamshika mkono. "Mwache," akasema. "Na yeye ana hofu yake."

Kiangazi kile kilirefuka. Ng'ombe walikonda, mbavu nje. Alhamisi moja tulifika tukakuta jike mmoja wa yule mzee, mwekundu, mwenye mimba kubwa, amenasa topeni upande wa chini wa dimbwi ambako hatujafika kusafisha. Alikuwa amezama hadi mabegani. Mzee alikuwa amemshika pembe, amechoka hoi, anamsemesha kama mtu. Mtu mzima yule alikuwa analia.

Hakuna aliyesema ng'ombe huyu ndiye mchafuzi wetu. Mama mkwe alifungua kamba ya kikapu chake. Wengine wakakimbilia nyumbani kuleta kamba za ngozi. Tulikata matawi tukayasukuma chini ya tumbo la mnyama, tukampitishia kamba nyuma ya mapaja na kifuani, tukagawana pande mbili. Tulivuta. Hakutoka. Tulichimba tope kuzunguka miguu kwa mikono, tukavuta tena. Jua lilifika utosini. Mmoja wetu alianzisha wimbo wa kutwanga, tukawa tunavuta kwa kuufuata. Mara tope likatoa sauti kubwa ya aibu, ng'ombe akachomoka, na sisi tuliokuwa mbele tukaanguka chali kwa mkupuo, wote, mke wa fundi cherehani juu ya mama mkwe.

Kisha nikasikia kicheko ambacho sikukijua. Alikuwa mama mkwe. Alilala topeni anacheka mpaka anakohoa, tope hadi kwenye nywele. Nikaona ana pengo la jino upande wa kushoto. Nilikuwa nimeishi naye zaidi ya mwaka, na sikujua kama ana pengo.

Mzee hakutushukuru siku ile. Alimwongoza ng'ombe wake polepole akaondoka. Lakini asubuhi iliyofuata tulisikia shoka. Alikuwa amekata gogo kubwa mbali na mto, anachonga hori la kunyweshea. Kazi hiyo ilimchukua siku nyingi. Alipomaliza tulikwenda kumsaidia kulivuta hadi mchangani, tukachimba naye kisima cha mifugo, naye akazungushia chemchemi yetu wigo wa miiba kwa mikono yake mwenyewe, akaacha mlango mwembamba wa mtu mmoja mwenye mtungi. Yule jike mwekundu alizaa salama.

Habari zikamfikia jumbe. Alhamisi moja akatokea na tarishi aliyebeba daftari. Jumbe alikuwa mtu mwenye haraka, mwenye koti hata wakati wa joto, si mtu mbaya. Alifurahi kweli. Akazunguka, akasifu mawe, akasifu matete. Kisha akasema kazi nzuri kama hii lazima Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, aijue. Tarishi ataandika kila nyumba, zamu zitapangwa, na nyumba itakayokosa itajibu barazani.

Alhamisi iliyofuata tulifika watu wawili, mimi na mama mkwe. Hata mke wa fundi cherehani hakuja. Nilimkuta njiani akaniambia bila kunitazama, "Mume wangu ameniambia, kama imekuwa ya boma basi tungoje tushikwe."

Mama mkwe alifanya kazi mpaka saa nne, akanawa, akaniambia, "Twende kwa jumbe."

Tulimkuta uani kwake. Mama mkwe akapiga magoti, akaamkia, akakaa chini. Nikakaa nyuma yake.

"Baba, nimekuja kukuomba ulifute daftari lile."

Jumbe akashangaa. "Nawasaidia, mama. Sasa hakuna atakayetega kazi."

"Leo wametega wote."

"Kwa hiyo niwalazimishe!"

"Baba, watu walikuja kwa sababu hawakuitwa. Mimi sikumwita hata mkwe wangu huyu. Ukiwaandika, watakuja na majembe yao, watasimama, watasubiri jua lizame. Mto hautapona hivyo."

Jumbe alikuna kidevu. "Na Bwana Shauri akiniuliza wale wanawake wanafanya nini mtoni, nimwambie nini?"

"Mwambie wanachota maji."

Ndani ya nyumba mke wa jumbe aliangua kicheko. Alikuwa anasikiliza mlangoni. Jumbe aligeuka kumkaripia, lakini mdomo wake mwenyewe ulikuwa umeshaanza kucheka. Hakutuahidi chochote. Ila tarishi hakurudi tena na daftari, na Alhamisi ya baadaye mke wa jumbe alikuja mtoni na jembe lake, akatuambia maneno mawili tu: "Limefutwa, tufanye kazi." Kufika Alhamisi iliyofuata hiyo, wote walikuwa wamerudi.

Mvua zikaja kwa nguvu. Mto ulishuka usiku kucha na asubuhi tulikwenda kutazama. Wigo ulikuwa umechukuliwa wote. Zaidi ya nusu ya matete yalikuwa yamekwenda, na hori la mzee tulilikuta limegeuka juu chini kwenye mti, mbali. Nilitaka kulia. Mama mkwe alishuka kwenye mwamba, akapapasa chini ya maji yaendayo kasi, akasema, "Mawe yapo." Basi tukaanza tena. Safari hii na mume wangu, ambaye alikuwa amekuja likizo kulima. Wanawake walimtania sana, wakamwita bibi harusi wa mtoni, naye akabeba mawe makubwa kwa hasira mpaka wakanyamaza.

Mwaka uliofuata nilizaa tena, mvulana. Mama mkwe alimwogesha, akambeba, akamwimbia nyimbo ambazo sikujua kwamba anazijua. Lakini maji hakumpa. Mtoto akilia kiu, yeye aliniita popote nilipo, hata kama ninatwanga. Niliona, nikawa naacha kazi naja kumpa. Mchana mmoja wa joto aliniita, nami nilikuwa ninasaga, mikono imejaa unga.

"Mtoto ana kiu," akasema.

"Maji yamo mtungini, Mama. Nimeyachemsha asubuhi. Mpe."

"Nawa, uje umpe."

"Mpe wewe, Mama."

Alisimama kidogo. Kisha nikasikia kata ikigusa mtungi. Sikugeuka, nikaendelea kusaga, kwa sababu niliona kwamba kama nitageuka atashindwa. Mtoto alikunywa kwa kelele kama ndama. Baadaye nilipowachungulia walikuwa wote wamelala kwenye ngozi kivulini, mkono wake umemzunguka.

Miaka ikaenda. Mume wangu aliacha reli akarudi moja kwa moja. Kiangazi hakikuisha, na kuharisha hakukuisha, ila watoto wengi wa rika la mwanangu walikua, na matete yalishika kiasi cha ndege kuja kujenga humo. Vijana wa kiume nao walianza kuja Alhamisi, mwanzoni kwa ajili ya wasichana, halafu kwa ajili ya mto pia.

Mama mkwe alipozeeka magoti yalikataa ule mteremko. Akabaki uani, lakini kila Alhamisi nilipotoka alinisindikiza kwa macho, na niliporudi hakunipa hata nafasi ya kunywa maji. Alitaka yote. Nani amekuja? Ukingo wa juu umeshika? Ng'ombe wa nani ameingia? Nilikaa miguuni pake nikamsimulia mpaka akatosheka.

Alhamisi moja kulikuwa na msiba kijiji cha pili na watu wengi walikwenda mazikoni. Mtoni tulikuwa watatu, na mvua ya kwanza ilikuwa imeshaanguka, kazi ilikuwa nyingi. Nilirudi nimechoka, na njiani niliamua nisimsikitishe.

"Walikuja wengi?" akauliza.

"Wengi, Mama. Walijaa."

Akaivuta mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akaipapasa kwa vidole vyake, maana macho yalikuwa yameanza kufifia.

"Malengelenge haya ni ya watu watatu," akasema.

Nikacheka, na yeye akacheka, akaniambia nikalete mafuta ya nyonyo. Nilidhani anataka nimkande miguu. Alipoyapata alinikalisha karibu, akaishika mikono yangu mapajani mwake, akaanza kunipaka, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.